Sonata ya basuni ya Telemann: naandika mkono wa kulia wa kinanda

Mradi wenyewe ni kuandaa sehemu ya kinanda ya sonata ya basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nene, ya Georg Philipp Telemann katika F maina. Aliitoa Hamburg mwaka 1728 na 1729 ndani ya jarida lake la nota, Der getreue Music-Meister. Jarida lilitoka kila baada ya wiki mbili, na kazi ndefu zilikatwa vipande, kwa hiyo aliyetaka sonata nzima ilimbidi anunue na toleo lijalo.

Telemann alichapa mistari miwili tu, wa basuni na wa besi. Kwenye besi kuna tarakimu, na mpiga kinanda ndiye anayejaza yaliyobaki. Penye 6 unahesabu hadi sauti ya sita kutoka kwenye besi. Pasipo na kitu unapiga ya tatu na ya tano.

Triste, ya kwanza kati ya sehemu nne za sonata hii, imekamilika, na ndiyo iliyonila muda. Basuni, yenye matete mawili mdomoni kama nzumari, huimba chini, palepale unapopita mkono wa kushoto. Akodi za sauti nne tulizozoea kwenye nyimbo za kwaya zinaifunika kabisa. Nimebakiza sauti mbili mkono wa kulia, zote juu ya C ya kati, na sasa basuni inasikika. Besi inapotua C ikielekea F, naishikilia kwanza F juu yake, kisha naishusha kwenye E asilia. Mshuko huo una uchungu kuliko pambo lolote nililojaribu kuweka.

Mwenzangu anapiga basuni ya kisasa. Zile za enzi ya Telemann zilikuwa na vibonye vichache sana, na noti nyingi zenye bemoli (zilizoshushwa nusu sauti, kama zile zilizojaa kwenye F maina) zilipatikana kwa kuziba matundu kwa kuruka. Zilitoka hafifu, kama zina ukungu. Ndiyo maana nasisitiza kinanda kiwe chepesi: F maina ilikusudiwa kuwa na kivuli.

Allegro imekwenda haraka. Akodi moja kwenye pigo kuu inatosha, na najaza pale tu mwenzangu anapovuta pumzi.

Andante iko mezani. Vivace nitaianza tukishaamua kama tutamwita mpiga selo aongeze nguvu kwenye mstari wa besi. Mimi napendelea tubaki wawili.