Karatasi Mbili

Kaka aliniambia tunakwenda Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, kumjulia hali shangazi. Nilivaa buibui langu jipya, nikajitia udi. Teksi ilipoiacha njia ya kivuko nikauliza, naye akatazama nje dirishani kama hakunisikia.

Ilikuwa Agosti 2012. Nilikuwa mgonjwa wa akili, na hilo naliandika mapema ili mtu asidhani nasimulia habari za mzima aliyefungiwa na ndugu wabaya. Usiku wa tisa huo sikuwa nimelala. Saa nane za usiku nilikuwa uani nasugua sufuria huku naimba. Mchana nagawa vitu. Redio nilimpa mtoto wa jirani, magodoro mawili nikayapeleka msikitini, na cherehani ya marehemu mama, ile Singer nyeusi ya kukanyaga, nikampa mwanamke muuza mahamri niliyekutana naye stejini. Hata jina sikumuuliza. Kaka alipojua habari ya cherehani hakunigombeza. Alikaa kizingitini, kichwa mikononi, kwa muda mrefu sana. Kesho yake ndiyo ikaja teksi.

Pale mapokezi ya hospitali nilipiga kelele. Nilikuwa nafundisha Historia na Serikali, na muhula ule tulikuwa kwenye sura ya haki, basi yote yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Niliwaambia sitaki kulazwa. Niliwaambia kifungu cha 29 cha Katiba ya Kenya kinakataza mtu kunyimwa uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki. Wahudumu wawili wa kiume wakaangaliana, mmoja akanishika mikono. Sindano ile sikuihisi ikiingia. Niliihisi siku ya pili, shingo iliponikakamaa ikageukia begani, nikawa naitazama wadi nzima upande upande kama kuku, hadi walipokumbuka kunipa dawa ya kuilegeza.

Siku ya nne nilimwambia sista nataka kwenda nyumbani. Akafungua faili. "Lakini mwalimu, wewe ulikuja kwa hiari."

Nilidhani ni maradhi yananichezea. Nikamwomba arudie, akarudia, tena kwa upole, huku funguo za mlango wa chuma zimening'inia kiunoni mwake.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa kitanda cha pili. Kabla ya maradhi alikuwa karani wa mahakama, na wadi ile alikuwa ameingia na kutoka mara nyingi hata wapishi walijua kwamba hali maharagwe. Usiku, taa zikishazimwa, alinihesabia sheria kwa vidole, ile Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, Sura ya 248. Kidole cha kwanza: mgonjwa wa hiari, anayeomba mwenyewe kwa maandishi. Cha pili: mgonjwa asiye wa hiari. Huyo huombewa na mume, mke au jamaa, daktari akathibitisha, na anaweza kuwekwa hadi miezi sita, ikaongezwa. Cha tatu: yule anayekamatwa na polisi au chifu kwa kuwa ni hatari kwake au kwa wenzake, huyo afikishwe hospitalini ndani ya saa 24, na hospitali inaweza kumshikilia hadi saa 72 imchunguze.

"Sasa sikiliza hapa kwenye kidole cha pili," akasema. "Sheria inamtaja mtu ambaye kwa wakati huo hawezi kueleza kama anataka matibabu au hataki. Wewe hukuweza kueleza?"

Nilieleza. Nilieleza hadi walinzi wa langoni wakanisikia.

Tulicheka kwa kuziba midomo na shuka. Kwa sheria ile, mtu anayesema wazi "sitaki" hakuwa na kidole chake, labda akamatwe. Na mimi hakuna aliyenikamata, nililetwa na kaka yangu kwa teksi. Basi wakanitia kwenye kidole cha kwanza, mradi faili lipate kichwa.

"Lakini hicho cha kwanza kina dawa yake," mama karani akasema. Mgonjwa wa hiari anaweza kuondoka akitoa notisi ya maandishi ya saa 72. Kwa maandishi, alisisitiza, maana ukisema kwa mdomo wataandika kwamba unasumbua.

Kalamu hazikuruhusiwa wadini. Nilingoja hadi wakaja wanafunzi wa uuguzi, nikamwomba mmoja kalamu yake kwa dakika tano, akasimama karibu yangu akiitazama ile kalamu kwa hofu kama nimeshika kisu. Nikaandika ndani ya boksi la dawa lililopasuliwa: mimi fulani, mgonjwa wa hiari kwa mujibu wa faili lenu, natoa notisi ya saa 72 ya kuondoka. Tarehe, saa, sahihi. Mkono ulitetemeka kwa dawa, herufi zikaenda kama mchwa. Nikamtaka sista atie sahihi kuwa ameipokea. Jumanne, saa nne asubuhi.

"Nani kakufundisha haya?" akauliza. Mama karani alikuwa amejifunika gubigubi, amelala usingizi wa mchana ambao hajawahi kuulala.

Alhamisi daktari akaja. Mara zile nyingine alikuwa akisimama mguuni mwa kitanda na kuzungumza na faili. Siku hiyo alivuta kiti. Alikuwa na lile boksi mkononi. "Barua yako nimeisoma. Kesho saa nne una haki ya kwenda," akasema. Kisha akanieleza maradhi yangu yanaitwaje, dawa ile inafanya nini, kwa nini shingo ilikakamaa, na nini kinaweza kutokea nikiiacha ghafla. Akaniomba nibaki wiki moja zaidi.

Nikampa siku tano. Alitoa mkono, tukapeana kama watu waliouziana mbuzi.

Mengine yalikwenda haraka. Kaka alilipa bili, nikarudi nyumbani, Januari nikarudi darasani. Dawa natumia hadi leo. Mwaka 2022 sheria ile ilirekebishwa, na sasa inasema waziwazi kwamba mgonjwa aelezwe, aombwe ridhaa, na ashirikishwe kupanga matibabu yake. Niliisoma yote nikimfikiria mama karani, ambaye alifariki kabla.

Ndipo nikaandika kuomba faili langu, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inayotoa siku 21 za kujibiwa. Lilikuja baada ya miezi minne. Siku ya kwanza wameandika: "Anaongea sana. Anataja Katiba." Na chini yake fomu ya mgonjwa wa hiari yenye jina langu na sahihi yangu, kwa mwandiko wa kaka.

Nilimpelekea kwake, magharibi, akiwa barazani na birika la kahawa. Aliitazama bila miwani, kisha kwa miwani.

"Waliniwekea karatasi mbili mezani," akasema. "Moja ya anayetaka, moja ya asiyeweza kusema. Na wewe ulikuwa unasema. Ungekuwa wewe, ungejaza ipi?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza kama aliwahi kumtafuta yule muuza mahamri.

"Nilimpata wiki ileile," akasema. "Alikuwa amekwisha shonea wanawe nguo za Idi. Nikamwachia."