Pete ya Jua Rujewa

Mashairi yangu ya mwanzo yalijaa mwezi. Ulikuwa uso wa mpenzi, ulikuwa taa ya msafiri, na ulipopatwa ulikuwa umemezwa na chewa, yule samaki mkubwa, kama bibi alivyotusimulia Tanga tulipokuwa wadogo. Sikuwahi kujiuliza uko mbali kiasi gani.

Mwaka 2016 magazeti yakatangaza kwamba tarehe 1 Septemba jua lingepatwa, na kwamba Rujewa, wilayani Mbarali, ndipo watu wangeliona vizuri. Waliosoma mambo ya anga walitaja saa na dakika, wiki kadhaa kabla. Hilo ndilo lililonipandisha basi. Mtu anayehesabu mizani usiku kucha ili mstari usipungue wala usizidi hawezi kuidharau hesabu ya namna hiyo.

Uwanja ulijaa wanafunzi, wakulima wa mpunga, wageni wenye kamera na miwani maalumu. Mimi nilijibanza chini ya mwembe, karibu na mwalimu wa fizikia aliyekuwa na wanafunzi wake. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi hapo na mjukuu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Tazama chini, huku juu kutakuumiza macho.”

Nikatazama. Vidoa vya mwanga vinavyopenya katikati ya majani, ambavyo siku zote ni vya duara, vilikuwa vimegeuka hilali. Mamia ya hilali vumbini, zote zimeelekea upande mmoja. Mwalimu akawaeleza watoto kwamba kila upenyo kati ya majani ni tundu linalochora sura ya jua ardhini, na kwamba hata duara za kila siku ni picha za jua. Nimekulia chini ya miembe, na hakuna mshairi aliyekuwa ameniambia hivyo.

Saa sita mchana ilipokaribia mwanga ulipauka, joto likapungua. Halafu hilali zikafunga ncha zake, vumbi likajaa pete. Niliazima miwani ya mwanafunzi nikainua uso: duara jeusi, na moto mwembamba umelizunguka. Watu walipiga kelele. Mama yule alikuwa akitaja jina la Mungu. Machozi yalinitoka, na sijutii kuyaandika hapa.

Ilikuwa karibu dakika 3. Ilipokwisha nilimuuliza mwalimu kwa nini jua halikuzibwa lote. Alichora mavumbini kwa kijiti. Jua ni pana kuliko Mwezi mara 400 hivi, akasema, na liko mbali zaidi mara 400 hivi, ndiyo maana machoni petu vinakaribia kulingana. Lakini umbali wa Mwezi haudumu mamoja. Siku ile ulikuwa mbali kidogo, ukaonekana mdogo, ukingo wa jua ukabaki.

Usiku, gesti, niliandika:

Jua mara mia nne, Mwezi limeuzidia,
Mbali mara mia nne, ndiko lilikotulia,
Ndipo sawa tuyaone, machoni yakitujia,
Leo pete muione, Rujewa imewakia.

Mhariri wa kwanza kuusoma alitaka nitoe ile “mia nne”, akidai hesabu hukausha shairi. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Wazee wetu walisema juu ya kilimia, lile kundi la nyota: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni usemi wenye mapigo mazuri, na ni uchunguzi wa nyota na misimu uliofanywa na watu waliohitaji kujua lini walime. Nani aliona umekauka?

Kabla hatujaagana mwalimu aliniuliza natoka wapi. Nilipomjibu Tanga, akacheka kwa furaha. “Basi nyinyi mnalijua hili kuliko sisi wa bara,” akasema. Jua na Mwezi vikipangana mstari mmoja na Dunia, huivuta bahari kwa pamoja, ndipo huja bamvua. Siku kama hiyo maji ya kwetu hupanda sana na kupwa sana. Nikamkumbuka mjomba, mvuvi, anayetazama mwandamo kwanza ndipo apange safari zake za baharini. Ubeti wa pili nikauanzia kwake.