Basi nani alikuwa ajue?

Tangu Ijumaa swali la wifi halijanitoka. Nikivuka Likoni asubuhi nalisikia, nikiandikia akina mama mabuku yao ya kliniki nalisikia. Wiki hii nimehamishwa kutoka wodi ya watoto, kaka kapata kazi bandarini, mwenye nyumba kaleta ile barua yake. Hayo yatasubiri.

Mnajua Ijumaa baada ya swala sote hula kwa Bi Mkubwa. Wifi alikuja na mtoto, yule niliyeandika habari zake hapa mwezi wa Ramadhani, aliyezaliwa na mgongo wazi. Kidonda cha upasuaji kimepona, limebaki kovu juu ya makalio, linang'aa kwa mafuta ya nazi. Miguu ndiyo bado. Mama Mkubwa akamtazama mtoto, akamtazama mamake, akasema lile lile asemalo tangu mtoto azaliwe:

"Wewe ulipanda bodaboda na tumbo. Tulikwambia."

Wifi hakujibu. Alikuwa anafunga sambusa. Nikachukua manda moja mbele yake.

"Mama Mkubwa, hebu tazama. Siku ya 18 hivi tangu mimba kutunga, mtoto hafiki milimita mbili. Mgongoni mwake seli za tabaka la nje zinanenepa, zinakuwa bapa kama manda hii. Kisha kingo mbili zinainuka, zinakutana, zinashikana, unakuwa mrija." Nikazigandisha kwa uji wa unga. "Humu ndimo unamotoka ubongo, na ule ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Kushikana kunaanzia usawa wa shingo, kunakwenda juu na kunakwenda chini. Juu kunafunga kama siku ya 25, chini kama siku ya 28. Wa mwanetu ulibaki wazi kule chini. Bodaboda haimo."

Wifi akaweka kijiko chini.

"Siku ya 28 mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hujui bado. Hedhi ilikuwa imechelewa wiki mbili tu."

"Na wewe hukujua."

"Sikujua."

"Basi nani alikuwa ajue?"

Mama Mkubwa akageuza sambusa kwenye mafuta, asiseme neno.

Kwanza nililisikia kama lawama kwangu, maana mimi ndiye nesi wa nyumba hii. Nimelirudia hadi nikaona halikuwa langu. Huyu mwanamke miezi yote hii anajihukumu kwa lile sanduku alilobeba, kwa maziko aliyokwenda, kwa bodaboda. Yote hayo aliyafanya tumbo likiwa limeshaonekana, na kazi ya mrija ilikuwa imekwisha zamani. Na bado, basi nani alikuwa ajue? Sisi kliniki tunahesabu tangu hedhi ya mwisho, kwa hivyo siku ile ya 28 kwenye buku ni wiki ya sita. Akina mama wengi wananijia mwezi wa nne, wa tano. Nawapa vidonge vya damu, na ndani yake mna foliki, ile vitamini inayosaidia mrija kufunga, mikrogramu 400. Vinawafaa sana, lakini mrija haungoji kliniki. Foliki inatakiwa iwe mwilini mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba kutunga. Hili linaniudhi kuliko nilivyowahi kuandika hapa. Tangu 2012 sheria yetu inataka itiwe kwenye unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, lakini unga wanaosagisha mtaani haumo, na wengi wanakula huo. Foliki haizuii kila mgongo wazi, kwa hivyo siwezi kumwambia wifi kwamba angekunywa yasingempata. Bali kwa mimba ijayo nimeshamwambia: aliyezaa mtoto wa hivi hupewa dozi kubwa mara kumi, kwa cheti cha daktari, na anaianza kabla. Utafiti wa 1991 ulionyesha kwamba kwa wanawake kama yeye hatari ilipungua kwa asilimia 72.

Jumapili usiku akanipigia. Nilidhani mtoto ana homa.

"Dada, na kule juu kulifunga?"

"Kulifunga."

"Kote?"

"Kote. Upande wa kichwa ukavimba vifuko vitatu, baadaye vitano, ndio ubongo."

Akanyamaza, nikaendelea, maana hapa ndipo ninapopapenda mimi. Nikamwambia kwamba pale kingo zinaposhikana kuna seli zinazotoka zikahama, zikaenda mbali. Nyingine zinakuwa neva za utumbo, nyingine zinatia ngozi rangi, nyingine zinajenga mifupa ya uso.

"Uso?"

"Taya, mashavu, pua."

"Kwa hivyo hii pua ya marehemu babu imetoka mgongoni mwake!"

"Kwenye mshono ule ule, kule juu."

Alicheka, kisha nikamsikia anamwambia mtoto, "Umesikia? Kule juu kulifunga." Sijamsikia akicheka vile tangu ajifungue. Nililala na furaha ambayo hata sasa ninapoandika ninayo.

Ila Bi Mkubwa sasa. Leo alfajiri alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina mpaka nikamshika mkono. Jicho la kulia lina ukungu, nimeliona wazi kwenye mwanga wa dirisha. Anasema ni usingizi, na habari za daktari wa macho yeye hataki kuzisikia.