Nyumbani utarudi lini

Dehradun, India, Ijumaa usiku

"Dada, hebu tazama hii kwanza. Umetoka vizuri."

Ndiyo jibu nililopewa leo, na mpaka muda huu usingizi siupati. Swali langu kwa mdogo wangu lilikuwa jepesi: "Kwa hiyo Abdu, nyumbani utarudi lini?" Tulikuwa tumekaa kwenye nyasi mbele ya stupa, mnara wa ibada wa Wabudha, ya monasteri ya Mindrolling kule Clement Town, jua la Novemba linatupasha mgongo, naye anapitia picha kwenye simu. Hakuinua kichwa. Alinisogezea simu tu. Nikatazama, nikasema kweli nimetoka vizuri, na habari ikaishia hapo.

Mnaonisoma siku zote mnajua kile kiwanja changu cha Kihonda kilikwenda wapi: kwenye masomo yake. Sikukiuza kwa kinyongo, na ningekuwa na kingine ningekiuza tena. Juzi kwenye mahafali, waliposoma jina lake nilipiga kigelegele peke yangu ukumbi mzima, watu wakageuka, wala sikujali. Sitaki kulipwa. Nataka tarehe. Mama naye anataka tarehe. Kila akipiga simu ananiuliza kwa kunizungusha: eti chumba cha uani apakishe rangi sasa au asubiri?

Stupa ile ni nyeupe, imepanda karibu mita 60, ilifunguliwa mwaka 2002. Wenyewe ni Watibeti. Monasteri yao ya asili ilianzishwa Tibet mwaka 1676, na baada ya kuikimbia nchi wakaianzisha upya hapa Dehradun mwaka 1976. Miaka 300 baadaye. Watoto wa kitawa waliovaa nguo za rangi ya damu ya mzee walikuwa wanakimbizana uani, wamezaliwa hukuhuku bila shaka. Abdu ananieleza haya yote kwa furaha, mimi nawaza jambo moja tu: hawa waliondoka kwao bila kujua watarudi lini, wakaanza kujenga. Unyonge ukanizidi.

Kutoka hapo tulipanda Vikram. Ni bajaji kubwa ya bluu inayobeba watu kama daladala, mnabanana magoti kwa magoti na mzee mwenye kapu la koliflawa. Tukaenda kwenye taasisi ya utafiti wa misitu. Jengo lile sijawahi kuona mfano wake. Limejengwa kwa matofali mekundu, lina nguzo na matao na varanda ndefu hata mtu aliye mwisho wake humtambui sura, na mbele yake majani yamekatwa sawasawa mpaka unaona haya kuyakanyaga. Waingereza walilifungua mwaka 1929. Ndani mna makumbusho sita, mojawapo ya mbao, na humo kuna kipande cha gogo la mdeodari, mwerezi wa milima ya huku, ulioishi zaidi ya miaka 700.

Nilikaa sana mbele ya gogo lile. Pete zake nyingine ni pana kiasi unaweza kuzihesabu kwa jicho, nyingine zimesongamana hata huoni inaanzia wapi na kuishia wapi. Abdu akasema ile pana ni ya mwaka wenye mvua ya kutosha, nyembamba ni ya mwaka wa shida. Nikamwangalia anavyoeleza, mikono inakwenda kama ya marehemu Baba. Swali likanijia tena mdomoni. Nikalimeza. Niliogopa nisije nikaonyeshwa picha nyingine.

Nje bibi mmoja aliyekuja na wajukuu wake aliomba tupige naye picha. Huku wanaomba sana kupiga picha na sisi, na wengine hupiga bila kuomba, jambo ambalo Abdu halipendi na mimi pia silipendi. Lakini bibi huyu aliomba vizuri, akanishika kiwiko, akanipangusa vumbi begani kabla ya kupigwa. Nilimpenda.

Mchana tukaenda Guchhupani, pango ambalo Waingereza waliliita la wanyang'anyi. Unakodi kandambili getini, unaingia mtoni. Pango lenyewe ni ufa mrefu kama mita 600, mto unapita ndani yake, maji ya baridi yanakufika kwenye vifundo, mara magotini, na kuta zinakujia huku na huku mpaka unazigusa zote mbili kwa mikono miwili. Abdu alitangulia. "Pita kushoto dada, hapo pana shimo." "Jiwe hilo usilikanyage, linateleza." Alilijua kila jiwe. Nami nyuma yake, nimeinua gauni, nawaza kwamba mtu hawi na ujuzi kama huu wa mahali ambapo anapita tu. Kule mwisho maporomoko yanapiga kelele, watu wanacheka na kulowana, na mimi nasikia "umetoka vizuri, umetoka vizuri".

Nilitaka kumwambia pale pale. Niliyapanga na maneno. Kisha akaninunulia chai na tambi za moto zenye pilipili kwenye kibanda cha nje, akanifunga shali lake shingoni kwa kuwa nilikuwa natetemeka, nikashindwa.

Jioni tulipita Paltan Bazaar, kwenye Ghanta Ghar, mnara wa saa wenye nyuso sita, kununua mchele wa basmati wa kumpelekea Mama. Yeye na mchele wake wa Kilombero ataushuku, najua. Basmati ya Dehradun ina sifa, na inasemekana mbegu yake ililetwa na Dost Mohammad Khan, amiri wa Afghanistan, Waingereza walipomhamishia milima hii. Mwenye duka alisikitika kwamba mashamba yenyewe sasa yanageuka kuwa nyumba. Nilimwelewa, Morogoro nako tunayaona hayo.

Tukarudi Prem Nagar, chumbani kwake. Na hapo ndipo siku ilipogeuka.

Mama mwenye nyumba, Abdu anamwita anti, alikuwa ametungoja na roti, chapati za huku, za moto. Akaanza kunihadithia kitu kwa Kihindi, Abdu anatafsiri. Kuhusu mvua, kuhusu mbu, kuhusu homa ya dengi. Ghafla Abdu akanyamaza. Anti anaendelea kusema, Abdu anatazama sahani. Mjukuu wake wa kike, wa sekondari, akachukua zamu kwa Kiingereza. Ndipo nikajua kwamba mdogo wangu alilazwa kwa dengi, kwamba chembe sahani za damu zilishuka sana, na kwamba mama huyu alikesha naye hospitali usiku baada ya usiku, akimpikia wali laini na dengu na kumlisha kwa kijiko. Nikauliza mwezi gani. Ulikuwa mwezi uleule Mama alipofanyiwa upasuaji, ule niliowaandikia hapa kwamba sijui nishike lipi.

"Ningekwambia ungefanya nini, dada? Ungepasuka katikati."

Nilishindwa kusema. Niliinuka nikamshika yule mama mikono yote miwili nikamwambia shikamoo. Ilinitoka yenyewe, ndiyo salamu niliyo nayo kwa mtu wa namna ile. Hakuielewa lakini alinivutia kifuani kwake na tukalia wote wawili, mjukuu naye akalia, Abdu akatoka nje kwenda kuangalia taa za Mussoorie kule juu mlimani.

Kwa miezi yote ile nilikuwa naswali na kumwombea apate mtu wa kumwangalia. Kumbe alikuwapo, yuko ghorofa ya chini, anapika roti. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Na lile jibu la asubuhi ninalirudia bado, ila sasa linasikika vingine. Mtu aliyenificha homa ya kufa kwa kunionea huruma, pengine na tarehe anaificha kwa sababu hiyohiyo. Pengine kuna kazi ameomba, hapa au kwetu, na hataki kunipa matumaini kabla ya barua. Pengine harudi. Nitamuuliza tena kabla sijapanda ndege, simu ikiwa mfukoni mwake, na nimeshamwambia Mama apake rangi chumba kile hata hivyo, kwa kuwa ukuta unahitaji rangi.

Nilitaka kulala nikiwa na hayo tu. Lakini Zuhura, niliyemwachia duka, ameniandikia sasa hivi kwamba mvua ya jana Morogoro imeingia stoo ya dukani. Maboksi ya dawa za watoto nilimwambia ayapandishe kwenye mbao kabla sijaondoka, na katika ujumbe wake mrefu wote ametaja ufagio, ndoo na fundi wa paa, maboksi hakuyataja. Huko bado ni saa tatu na nusu. Nampigia.