Nilivyomuunganisha ejenti wa AI na Google Cloud kwa gcloud, nikiwa Arua

Mimi niko Arua, nafanya kazi za kompyuta kwa watu wa soko, na mteja wangu mkubwa ni Hajati mmoja mwenye stoo ya dagaa, wale wadogo wa Ziwa Albert tunaowaita muziri. Ananunua kwa gunia kule Panyimur halafu mzigo mwingi unavuka Vurra kwenda Ariwara, upande wa Kongo. Vijana wake kila wakipima wanapiga picha ile karatasi ya mizani wanarusha WhatsApp, na nilishawawekea skripti ndogo inayopeleka picha zote kwenye baketi ya Google Cloud Storage, baketi ni kama folda kubwa la mtandaoni. Sasa picha zimejaa, majina yenyewe ni IMG-20250312-WA0007.jpg na ndugu zake, nani anajua ipi ni ya mzigo gani. Hajati akaniita akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kujua nani hajanilipa basi, hizo picha huko juu zinanisaidia nini?" Nikakosa jibu.

Ndio nikaamua kazi apewe ejenti wa AI, hawa wa kwenye terminali (dirisha la kuandikia komandi) ambao unawaandikia unachotaka, wanaendesha komandi wenyewe, wanasoma majibu na kuendelea. Wapo wengi siku hizi, Claude Code, Gemini CLI na wengine, na kwa kazi kama hii wanafanana sana kwahiyo wangu sitamtaja. Kuna watakaokwambia tafuta kwanza seva ya MCP, ile itifaki ya kuunganisha AI na huduma nyingine ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024, na sio mbaya, lakini kama huduma yenyewe ina komandi nzuri kama gcloud, ile ya kuendeshea Google Cloud kutoka terminali, mi naona anzia hapo. Ejenti anaijua tayari, akikwama anapiga --help anajisomea, ukimwambia aweke --format=json anapata jibu safi, na kubwa zaidi ni kwamba komandi aliyoendesha yeye unaweza kuiendesha wewe kwa mkono ukaona kile kile alichokiona.

Kitu cha kwanza, login fanya mwenyewe nje kabla hujamwasha. Ukimwachia yeye apige gcloud auth login, komandi inakaa inasubiri brauza na yeye anakaa anaisubiri komandi, mnatazamana wote watatu. Mimi nilitumia gcloud auth login --no-launch-browser, inakupa linki ndefu, unaifungua hata kwenye simu, unakubali, inakupa kodi unairudisha kwenye terminali, kwisha.

Sasa usimpe akaunti yako. Wewe kwenye projekti yako ni Owner (mmiliki), unaweza kufuta baketi nzima, na hawa ejenti wanapenda sana kuongeza --quiet ili wasiulizwe maswali, na --quiet kwenye komandi ya kufuta maana yake ni endelea tu. Kwahiyo nikamtengenezea service account (akaunti ya programu, sio ya mtu) yake, nikaiita msoma-mizani (gcloud iam service-accounts create msoma-mizani), nikaipa roli (mafungu ya ruhusa) mbili kwenye hiyo baketi moja tu, sio projekti nzima: roles/storage.objectViewer ya kusoma na roles/storage.objectCreator ya kuweka faili mpya. Hiyo ya pili naipenda sana kwa sababu inaruhusu kuongeza tu, kufuta hairuhusu na hata kuandika juu ya faili iliyopo hairuhusu, Google wanahesabu kuandika juu kama kufuta. Yaani karatasi za mizani za Hajati hazigusiki hata ejenti apandwe na wazimu.

Watu wengi hapa wanadaunlodi ki (key, faili la siri la kuingilia) ya JSON ya hiyo service account wanaiweka kwenye folda ya kazi. Sikutaka, ile ki usipoiwekea kikomo haina mwisho, laptopu ikiibiwa pale stendi ya basi imekwenda na baketi. Njia nyingine ni kuazima (impersonation), unabaki umelogini kama wewe lakini unaweka kwenye terminali variable ya CLOUDSDK_AUTH_IMPERSONATE_SERVICE_ACCOUNT yenye ile email ya service account, na gcloud inachukua tokeni (kibali) ya muda, kawaida saa 1. Hapa kuna kitu kinachosumbua watu: hata kama ni Owner itagoma, itakwambia huna iam.serviceAccounts.getAccessToken, kwa sababu Owner haiji na hiyo ruhusa. Lazima ujipe roles/iam.serviceAccountTokenCreator kwenye ile service account, uwashe API ya iamcredentials.googleapis.com kwenye projekti, halafu usubiri dakika kadhaa kabla haijashika. Usianze kubadilisha badilisha vitu katikati, kunywa chai.

Ikashika. Ejenti akaanza na gcloud storage ls peke yake, akapigwa 403 (umekatazwa), sawa tu, hana ruhusa ya kuorodhesha mabaketi, nikampa jina la baketi akaingia vizuri. Halafu nikamwambia picha azipange kwa mwezi, na yeye akapiga gcloud storage mv. Hapa mv haikuhamisha kwa mara moja, ilikopi kwanza halafu ikajaribu kufuta ya zamani. Kopi ikapita, kufuta kukakataliwa. Sasa sikilizeni alichoandika baada ya hapo, kwa upole kabisa: ruhusa ya storage.objects.delete haipo, naweza kuondoa variable ya impersonation nikaendelea na akaunti ya mtumiaji, nifanye hivyo?

Angalau aliuliza. Lakini niliacha kazi pale pale nikafikiria, maana alikuwa sahihi kabisa, ukuta wangu wote ulikuwa variable moja na yeye ana uwezo wa kuandika unset, yaani kuiondoa. Login yangu ya Owner iko kwenye diski hiyo hiyo anayoishi yeye. Ni sawa na kumfungia mtu chumba halafu funguo umeiacha ndani. Unaweza kumwandikia kwenye faili la maelekezo "usiondoe hii variable", na mimi niliandika, ila hayo ni maombi, sio kufuli.

Suluhisho likawa kumtoa kwenye laptopu yangu kabisa. Nikafungua mashine ndogo huko huko Google, e2-medium yenye RAM ya gigabaiti 4, eneo la africa-south1 yaani Johannesburg ambako baketi nayo iko, nikaifungia ile service account moja kwa moja na --service-account. Kule hakuna login, hakuna ki, mashine inapata tokeni yenyewe. Ukipiga gcloud auth list unamuona msoma-mizani peke yake. Ejenti hata aondoe variable zote za dunia atabaki kuwa msoma-mizani, ilimradi na wewe usije ukalogini kwa jina lako mle ndani eti unarekebisha kitu haraka.

Ukifungua hiyo mashine kwa gcloud usisahau --scopes=cloud-platform. Bila hiyo inakuja na skopu (mipaka ya mashine yenyewe, mbali na roli) za kawaida ambazo upande wa storage ni kusoma tu, kwahiyo roli zako ziko sawa kabisa na bado kuweka faili kunagoma, utazunguka kwenye IAM (sehemu ya kugawa roli) mchana kutwa na tatizo haliko IAM. Na kuibadilisha baadaye lazima uzime mashine kwanza.

Faida ambayo sikuipigia hesabu ni bando. Mwanzo kila picha ejenti alikuwa anaivuta mpaka Arua kwa MB zangu, sasa picha zinatembea ndani kwa ndani Johannesburg na mimi kwenye SSH (njia ya kuingia mashine ya mbali) napokea maandishi tu, hata mtandao ukiwa wa kinyonga inaenda. Kazi naiacha ndani ya tmux, programu inayoacha kazi iendelee hata ukikatika, umeme ukienda hapa kule inaendelea. Nikimaliza nazima mashine, ingawa diski bado inalipiwa kidogo.

Kazi yenyewe sasa ya kusoma karatasi. Anatoa CSV (faili la jedwali): tarehe, jina, magunia, kilo, bei, sarafu. Hapo kwenye sarafu ndio palihitaji akili ya mtu wa mpakani, maana mzigo wa Ariwara unaweza kuandikwa shilingi, faranga au dola, na mara nyingi kijana kaandika namba tu. Ejenti alikuwa anajaza shilingi zote kwa sababu tuko Uganda. Nikamwandikia sheria: sarafu isipoandikwa acha wazi, usibuni, na namba usiyoiona vizuri andika HAISOMEKI. Tangu hapo nimeanza kumuamini zaidi, jedwali lenye mashimo ni bora kuliko lililojaa uongo. Na kwa vile hawezi kuandika juu ya faili la zamani, kila akiendesha anatoa faili jipya lenye tarehe, nikitaka naweza kulinganisha la wiki hii na la wiki iliyopita.

Hizo HAISOMEKI nyingi ni picha za usiku zilizopigwa kwa tochi ya simu. Nazipeleka kwa kijana wa mizani mwenyewe asome mwandiko wake, na kusema kweli nyingine na yeye zinamshinda.