Niendelee na Fiksi au Niweke Friwili?

Msimu huu wa baridi nimekuwa nikijiuliza kwa dhati iwapo niendelee kuendesha baiskeli ya fiksi katika barabara za London. Swali hili limeletwa na goti langu la kulia, ambalo huuma ninapopanda Gipsy Hill jioni kurudi nyumbani, na huuma zaidi asubuhi ninapouteremka mlima huohuo.

Kwa asiyeifahamu, fiksi haina friwili, yaani kifaa kinachoruhusu gurudumu la nyuma kuzunguka huku pedali zimetulia. Sproketi ya nyuma, yaani gia yenye meno inayovutwa na mnyororo, imekazwa moja kwa moja kwenye habu (kitovu cha gurudumu), kisha ikazuiwa kwa nati ambayo nyuzi zake zimegeuzwa, ili isilegee mwendeshaji anapozikaza pedali kupunguza mwendo. Maadamu gurudumu linazunguka, pedali zinazunguka na miguu pia, hakuna kuserereka. Ndiyo maana mteremko, ambao kwa wengine ni mapumziko, kwangu ni kazi ya kuuzuia uzito wote kwa mapaja na magoti.

Hata hivyo, kuiacha si jambo jepesi. Barabara inapolowa, nami nikiwa kati ya basi na teksi nikikaribia taa za Elephant and Castle, napunguza mwendo kwa miguu tu, na kupitia nyayo nahisi tairi la nyuma linapoanza kupoteza mshiko kabla halijateleza. Sijapata baiskeli nyingine inayonieleza hali ya barabara mapema kiasi hicho, na utulivu ninaoupata humo kwenye msongamano ninauthamini sana.

Kuhusu breki ya mbele sina mjadala. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 huitaka barabarani, kwa kuwa miguu huhesabiwa kuwa breki ya gurudumu la nyuma pekee. Mwaka 2016 mama mmoja aliyekuwa akivuka Old Street aligongwa na fiksi isiyo na breki hiyo, akafariki, na mwendeshaji akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Baiskeli isiyo na breki mahali pake ni uwanja wa mbio za baiskeli kama ule wa Herne Hill hapa London, uliofunguliwa mwaka 1891, ambako wote huelekea upande mmoja na hakuna anayevuka.

Habu yangu ina pande mbili, hivyo ningeweza kuligeuza gurudumu na kufunga friwili upande wa pili. Lakini hapo sheria ingedai breki ya nyuma pia, na fremu hii ya uwanjani haina tundu la kuifungia.

Kwa hiyo nimeamua kuanza na gia. Sasa natumia meno 46 mbele na 16 nyuma, ambapo mzunguko mmoja wa pedali hunisogeza takriban mita 6. Nikiweka sproketi ya meno 18 zitakuwa kama mita 5.4: kupanda kutakuwa kwepesi na kuzuia hakutahitaji nguvu nyingi, ingawa kwa kilomita 40 kwa saa miguu italazimika kuzunguka mara 124 hivi kwa dakika badala ya 110. Gharama hiyo naikubali, kwa sababu mteremko nitaushuka polepole huku breki ikifanya sehemu kubwa ya kazi.

Sproketi nimeshaiagiza. Majira ya machipuko yakifika na goti bado linalalamika, nitatafuta baiskeli ya friwili kwa ajili ya barabarani, na hii nitaipeleka Herne Hill.