Nilivyorudishiwa salio lililokatwa na huduma nisiyoiomba

Kila asubuhi salio langu la simu lilipungua kidogo, kisha ukaja ujumbe wa kunishukuru kwa kujiunga na habari za michezo. Sikuwa nimejiunga na kitu. Nilipopiga huduma kwa wateja, mhudumu aliniondoa mara moja, tena kwa upole. Nikamuuliza, na fedha zilizokwisha kukatwa je? Akajibu: "Mfumo unaonyesha ulijiunga mwenyewe."

Wengi huishia hapo. Mimi nilitaka kujua mfumo unaonyesha nini hasa. Niliandika lalamiko kwa barua pepe, nikadai namba ya lalamiko, nikaomba orodha ya makato yote pamoja na kumbukumbu ya kujiunga: tarehe, saa, na njia iliyotumika, iwe ujumbe mfupi, menyu ya nyota na reli, au kubofya tangazo. Anayedai kwamba nilikubali ndiye mwenye kumbukumbu hizo. Mimi nitathibitishaje jambo ambalo sikulifanya?

Jibu lilikuja fupi: lalamiko limeshughulikiwa na kufungwa. Nikaandika tena kwamba sijaridhika, wanipe msimamo wao wa mwisho kwa maandishi. Hatua hii ni muhimu mno, kwa sababu kwa kawaida mdhibiti wa mawasiliano hutaka kwanza kuona kwamba kampuni ilipewa nafasi ya kumaliza shauri. Ukienda mikono mitupu, utarudishwa ulikotoka.

Kwa mdhibiti nilipeleka ukurasa mmoja tu: tarehe, namba ya lalamiko, picha za ujumbe, barua yao, na ombi moja la kurudishiwa makato yote. Kumbukumbu niliyonyimwa muda wote ule sasa ikapatikana. Ilionyesha mbofyo mmoja kwenye tangazo, bila hatua yoyote ya kuuliza kama nimekubali kukatwa. Fedha zikarudi, na namba yangu ikafungiwa huduma zote za aina hiyo.

Naamini kilichoisukuma kampuni ni muda wa mwisho wa kujibu. Nchini Marekani, lalamiko likipitia FCC, yaani mdhibiti wa mawasiliano wa huko, kampuni hupewa siku 30 kumjibu mteja. Australia wana msuluhishi wa migogoro ya simu tangu 1993: mteja halipi kitu, kampuni ndizo zinazomgharimia msuluhishi, na yenye malalamiko mengi hulipa zaidi. Mpango huo naupenda sana, maana kumpuuza mteja kunakuwa ghali kuliko kumsikiliza.

Lakini jambo moja linaniuma hadi leo. Tangazo lile halikubofywa na mimi peke yangu, na aliyerudishiwa ni aliyelalamika tu. Nimemwandikia mdhibiti nikiomba kampuni iamriwe kuwatafuta wote waliounganishwa kwa njia ile na kuwarudishia bila wao kuomba. Barua imepokelewa, nimepewa namba, nami nafuatilia.